Njia tatu za kujua kwa nini mtoto hapewi mnofu: ipi ichaguliwe Lamu, ipi Malindi

Kikundi kinachotaka kuboresha ulaji wa watoto wadogo, kiwe cha Pate, Mokowe au vijiji vya nyuma ya Malindi, katika pwani ya Kenya, mara nyingi huanzia mwishoni. Kinachapisha mabango, kinakodi viti, kinafundisha makundi ya vyakula. Mwaka ukiisha kinakuta kina mama wanajua majibu yote, na mtoto bado anatiliwa mchuzi juu ya wali huku mnofu wa samaki ukibaki kwenye sahani ya wakubwa. Mama hakukosa somo. Alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo ingemwezesha kuitaja.

Njia tatu za kuuliza zimetumika sana na zinafaa kwa kikundi kidogo: uchambuzi wa vikwazo, majaribio ya nyumbani, na kumtafuta mama kielelezo. Zote ni za siku chache na watu wachache. Lakini kila moja inajibu swali lake, na anayechagua kwa sababu tu jirani aliitumia atarudi na majibu ya swali ambalo hakuwa nalo.

| | Uchambuzi wa vikwazo | Majaribio ya nyumbani | Mama kielelezo |
|---|---|---|---|
| Swali lake | Nini kinawatenga wanaotenda na wasiotenda? | Jambo hili linawezekana katika nyumba hii? | Maskini mwenzao aliyefaulu anafanya nini? |
| Watu | 45 wanaotenda, 45 wasiotenda | Nyumba 20 hadi 30 | Watoto wote wa kijiji wapimwe, kisha nyumba 4 hadi 6 |
| Muda | Karibu wiki moja | Wiki mbili hadi tatu | Wiki moja ya kutafuta, kisha siku 12 za jiko la pamoja |
| Haifai kwa | Tabia ambayo hakuna anayeitenda | Jambo la mara moja, kama chanjo | Nyumba zilizotawanyika, udumavu |

Tabia moja kwanza

Njia yoyote utakayoshika inaanza na tabia moja, iliyoandikwa kwa sentensi moja: nani, nini, mara ngapi. "Lishe bora" si tabia. Humu tutashika hii: mama wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 anampa mtoto samaki, nyama, kuku, ini au yai angalau mara moja kwa siku. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF vya mwaka 2021 vinaipima peke yake, mbali na kile kipimo cha mtoto kupata angalau makundi matano ya chakula kati ya manane, ambamo maziwa ya mama ni kundi mojawapo. Kinachoulizwa ni cha jana, mchana na usiku. Mchuzi alimopikiwa samaki, bila mnofu, hauhesabiwi.

Hapo neno moja linaweza kuharibu kazi nzima. Kwa watu wa pwani kitoweo ni chochote kinacholiwa pamoja na wali au sima. Ukiuliza "Jana mtoto alipata kitoweo?" mama atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Uliza hivi: "Alikula mnofu wenyewe, au alitiliwa mchuzi?" Akisema mnofu, mwombe akuonyeshe kiasi kwa vidole vyake. Dodoso linalotaja "vyakula vitokanavyo na wanyama" lirudi lilikotoka. Hakuna anayesema hivyo jikoni Siyu, na wengi samaki hawamhesabu kuwa mnyama.

Angalia pia majira. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hukaa siku nyingi bila kutoka, na bei ya samaki hupanda. Ukihoji wakati wa kaskazi peke yake utaandika kwamba samaki wapo tele. Ramadhani usihoji habari za jana kabisa: mtoto hafungi, lakini jiko la nyumba nzima limehamia jioni. Lamu mjini iache pia siku za Maulidi ya Mfungo Sita, nyumba zinapojaa wageni.

Uchambuzi wa vikwazo: usihesabu linalosemwa zaidi, hesabu linalotofautiana

Njia hii ilianzishwa na Tom Davis mwaka 1990, na inashikilia wazo moja: katika kijiji kilekile, chini ya bei zilezile, wapo wanaotenda na wapo wasiotenda. Waulize wote maswali yaleyale, kisha utafute majibu yanayowatenga.

Kwa nini 45 kwa 45? Idadi hiyo inatosha kuiona tofauti kubwa, ya uwiano wa uwezekano (kipimo cha jinsi jibu linavyoegemea kundi moja kuliko jingine) wa kama mara tatu, bila kuhoji mamia. Ukipunguza hadi 20 kwa 20 tofauti za kweli zitakupita. Ukiongeza hadi 100 kwa 100 umechosha wahoji kwa faida ndogo.

Kazi ngumu ni kuwapata wanaotenda. Ikiwa ni mama mmoja kati ya watano, itakubidi kubisha hodi kwa kina mama kama 225 ili wapatikane 45. Kwa hiyo tengeneza maswali mafupi ya kuchuja, yasiyozidi manne: umri wa mtoto kwa kitabu cha kliniki, si kwa kukisia, mnofu au yai jana, siku ngapi kati ya saba zilizopita. Anayetenda ni yule aliyempa mtoto jana na angalau siku nne za wiki. Asiyetenda ni yule ambaye jana hakumpa, na wiki nzima hakufikisha siku mbili. Walio katikati washukuru, uende zako. Ukiwaingiza watafifisha tofauti. Wakiwa wanaotenda ni adimu mno, legeza kigezo kwanza (siku tatu za wiki badala ya nne) kabla ya kuongeza vijiji. Na kama hata hapo hupati watu 45, njia hii si yako kwa tabia hii.

Mahojiano huchukua dakika 15 hadi 20. Yanapita kwenye nini kinarahisisha na nini kinakwaza, faida na hasara, nani anaunga mkono na nani anapinga, upatikanaji, kukumbuka, kama mama anaona mtoto wake anaweza kudhoofika na kudhoofika huko ni hatari kiasi gani, kama anaamini mnofu utasaidia, mila, na majaaliwa. Hili la mwisho wahoji wengi huliruka kwa aibu, na Lamu si la kuruka. Liulize kwa adabu: "Mtoto akidhoofika, unaona ni majaaliwa tu au kuna linaloweza kufanywa na mzazi?" Wengi watasema yote mawili, na hilo pia ni jibu, liandike kama lilivyo.

Sarufi hapa ndiyo chombo chenyewe. Anayetenda huulizwa "Ni nini kinachokurahisishia kumpa mtoto mnofu kila siku?" Asiyetenda huulizwa "Ni nini kingekurahisishia?" Mhoji akichanganya *kinacho-* na *kinge-*, mambo mawili hutokea: majibu hayalinganishiki, na mama asiyetenda anang'amua kwamba alitegemewa awe anatenda. Tangu hapo atajibu ya kukupendeza. Kwa hiyo chapisha karatasi mbili za rangi tofauti, moja ya kila kundi, na mama asiambiwe yuko kundi gani.

Kila swali lifuatwe na "Na nini kingine?" mara mbili au tatu. Jibu la kwanza karibu daima ni la adabu. La tatu ndilo la nyumbani.

Sasa hesabu. Takwimu zinazofuata ni za mfano wa kufanyia mazoezi tu. Tuseme "samaki ni ghali" imetajwa na wanaotenda 38 kati ya 45, yaani asilimia 84, na wasiotenda 36, asilimia 80. Tuseme tena "naweza kumtoa mtoto miba yote" imetajwa na wanaotenda 30, asilimia 67, na wasiotenda 12, asilimia 27. Anayesoma haraka ataandika ripoti kwamba kikwazo kikuu ni bei, maana ndiyo iliyotajwa na watu wengi. Sivyo. Bei inawauma wote, na bado nusu yao wanatoa mnofu. Tofauti ya bei ni pointi 4. Ya miba ni 40. Wanaotenda ambao hawakuitaja ni 15, wasiotenda ambao hawakuitaja ni 33, kwa hiyo uwiano wake wa uwezekano ni (30 × 33) ÷ (15 × 12), sawa na 5.5. Kwa kupima haraka, tofauti ya pointi 15 na zaidi ndiyo ya kutazamwa. Kisha jedwali la hesabu la kompyuta lithibitishe kwamba si bahati, yaani uwezekano wa tofauti hiyo kutokea kwa bahati tu uwe chini ya 0.05.

Matokeo ya namna hiyo yanabadilisha kazi nzima. Bango la "samaki hujenga mwili" halitoi mwiba. Kinachohitajika ni sinia, samaki aliyechemshwa, na mama anayeketi karibu na mama: mnofu unatenganishwa kwa vidole, unapapaswa mara ya kwanza vipandevipande, unapondwa kwa uma au mwiko, kisha unapapaswa mara ya pili, kwa sababu miba midogo huonekana baada ya kupondwa. Kila mama afanye kwa mkono wake mpaka aamini vidole vyake.

Ikiwa linalotenga ni "mavyaa anakubali", basi mafunzo ya mama hayana maana mpaka mavyaa, yaani mama mkwe, na bibi waketi kwanza, wakizungumza na bibi wenzao na si na msichana mwenye karatasi. Aya ya Kurani inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha wanaijua vizuri kuliko mhoji. Anzia hapo kwenye wanalolithamini, ndipo ufike kwenye mnofu.

Palipo na hatari ya kudanganyika: ikiwa wanaotenda wako wengi ni wake za wavuvi na wasiotenda ni wake za wabeba mizigo, umepima kazi ya mume. Tafuta makundi yote mawili katika kila kijiji, na andika kazi ya nyumba kwenye karatasi ili uweze kutazama. Na bei kutotenga watu hakumaanishi umaskini haupo. Kunamaanisha tu kwamba kati ya hawa uliowahoji si ndiyo iliyoamua.

Ubaya mwingine ni masikio. Mama akihojiwa mavyaa akiwa ukumbini, swali la nani anapinga litajibiwa "hakuna". Wahoji waende wawili wawili: mmoja ahoji, mwenziwe amsalimie bibi na kuzungumza naye kwa heshima na kwa muda, kando. Huyo wa pili hapotezi siku. Ndiye anayewezesha karatasi kuwa na ukweli.

Majaribio ya nyumbani: kwa aliyekwisha kujua nini lakini hajui kama linawezekana

Njia hii imeenezwa sana na Manoff Group. Badala ya kuuliza mama anafikiri nini, unamwomba ajaribu jambo kwa siku chache kisha akueleze. Nyumba 20 hadi 30 zinatosha, mradi zigawanywe kwa umri: miezi 6 hadi 8, 9 hadi 11, na 12 hadi 23. Mtoto wa miezi saba na wa miezi ishirini hawali sahani moja, na matokeo yao yakichanganywa hayasomeki.

Ziara ni tatu. Ya kwanza ni ya kutazama na kuorodhesha aliyokula mtoto jana, tangu kuamka mpaka kulala. Usitoe ushauri wowote siku hiyo, hata ukiona jambo la kukuuma. Siku moja hadi tatu baadaye, ukiwa umekwisha kutafakari orodha yake, unarudi na mapendekezo matatu au manne yanayomhusu yeye, naye anachagua moja au mawili. Baada ya siku tano hadi kumi unarudi kusikia.

Kwa nyumba yenye samaki mapendekezo yanaweza kuwa haya: mnofu uliopondwa na tui zito juu ya viazi vitamu au wali laini, dagaa wakavu waliooshwa, wakakaushwa tena, wakatwangwa na kuchekechwa, kijiko kimoja cha chakula ndani ya uji, au yai lililoiva kabisa, likapondwa. Ng'onda na papa mkavu visiingie kwenye orodha ya watoto wadogo, chumvi yake ni nyingi mno.

Uzito wa uji uandike kwa namna inayoonekana: ukichotwa kwa kijiko ukae, usichuruzike. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo kwa maji. Kiasi kwa kila mlo kwa miezi 6 hadi 8 ni kuanzia vijiko viwili au vitatu vya chakula, kikipanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe. Miezi 12 hadi 23 ni robo tatu mpaka kikombe kizima. Anayenyonya apate milo miwili au mitatu kwa siku mwanzoni, mitatu au minne kuanzia miezi tisa. Nenda na kikombe chenyewe mkononi. Bakuli za nyumbani hazifanani, na "nusu bakuli" ya nyumba moja ni mara mbili ya nyingine.

Linaloharibu majaribio mara nyingi ni ukarimu wa wageni. Mtafiti anapeleka samaki, au unga, au mayai sita, ili mama asipate taabu. Basi amejaribu zawadi. Kama nyumba haiwezi kupata samaki wiki hiyo, hilo ndilo jibu ulilolifuata, liandike.

La pili ni amri. Mshauri aliyezoea kufundisha hushindwa kujadiliana. Anasema "fanya hivi", mama anaitikia "haya", na ziara ya tatu inapata "Alhamdulillah, yote sawa." Kuna namna ya kulikwepa hilo. Ukirudi, usianze na jaribio. Anza tena na chakula cha jana, tangu asubuhi. Kama mnofu haumo, umekwisha kujua. Kama umo, uliza samaki gani, alipikwa na nani, miba ilitolewaje, mtoto alimaliza au alitema. Mtu aliyefanya kweli hana shida ya kueleza kwa undani. Ziara ya tatu ifanywe, ikiwezekana, na mtu mwingine asiye yule aliyependekeza, ili mama asione haya kumwambia kwamba pendekezo halikufaa.

Matokeo yahesabiwe kwa ngazi: waliokubali kujaribu, waliojaribu, waliolibadilisha na vipi, wanaosema wataendelea. Ngazi ya tatu ndiyo dhahabu. Mama akikuambia unga wa dagaa ulinuka ndani ya uji wa asubuhi, akauhamishia kwenye viazi vya mchana vyenye tui na mtoto akala, amekuandikia ujumbe wa kampeni nzima. Ukiwa na watu wengi waliojaribu na wachache wanaoendelea, jambo hilo linavutia lakini ni zito kulibeba kila siku, lipunguze, usilikazanie.

Usitumie majaribio kwa chanjo, wala kwa matone ya vitamini A ya kila miezi sita, wala kwa kwenda kujifungulia hospitali. Haya hayajaribiki wiki moja.

Vipi kunyonyesha bila kitu kingine kwa miezi sita? Hapa wengine hukwama kwenye tahniki: mtoto aliyepakwa tende kwenye kaakaa siku aliyozaliwa, je, amekwisha kutoka kwenye hesabu? Kipimo kinachotumika kinauliza habari za jana kwa watoto walio chini ya miezi sita, kwa hiyo mtoto wa miezi mitatu ambaye jana hakupewa maji, chai, uji wala kingine ila maziwa ya mama anahesabiwa ananyonya tu. Usigombane na familia kwa jambo lililopita ambalo wala halimo kwenye dodoso lako. Maji ya kunywa wakati wa joto ndiyo yenye kuhitaji majaribio, na siku tano zinatosha kwa mama kuona kwamba mtoto anakojoa vizuri bila hayo.

Mama kielelezo: yenye nguvu, na yenye masharti

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jerry na Monique Sternin walifanya kazi Vietnam na kukuta, katika vijiji maskini, watoto wachache waliostawi. Mama zao walikuwa wakiokota kamba na kaa wadogo mashambani mwa mpunga pamoja na majani ya viazi vitamu, vitu ambavyo jirani waliviona si vya mtoto, na walilisha mara nyingi zaidi kwa siku. Watu wa visiwani wanaisikia habari hii na kuielewa mara moja, maana maji yakitoka ufuoni kwao kuna chakula ambacho si kila nyumba inamfikiria mtoto inapokiokota.

Utaratibu: pima uzito watoto wote wa kijiji walio chini ya miaka mitatu, wanakijiji wenyewe wapange nyumba kwa hali ya maisha, kwa vigezo vyao, chagua waliostawi katika nyumba maskini, watembelee wanne hadi sita wakati wa kupika, na jirani wachache ambao watoto wao hawakustawi, ili ulinganishe. Kisha kina mama wa watoto wenye uzito pungufu wapike pamoja siku 12, wakileta wenyewe vyakula vilivyogunduliwa. Lengo la kawaida ni mtoto kuongeza gramu 200 kwa siku hizo 12, na 400 kwa siku 30.

Kosa kubwa katika pwani hii ni kielelezo cha uongo. Nyumba inaonekana maskini, lakini mjomba yuko Uarabuni na anatuma fedha kila mwezi. Au babu ana jahazi. Siri ya mtoto huyo si ya kuigwa. Uliza waziwazi: nani mwingine analeta chochote katika nyumba hii? Ondoa pia mtoto wa pekee anayelelewa na shangazi wanne.

Sharti la pili: njia hii inafaa kunapokuwa na watoto wengi wenye uzito pungufu, angalau asilimia 30 wakihesabiwa pamoja na wale ambao upungufu wao ni mdogo, na nyumba ziko karibu kiasi cha mama kutembea kila siku. Mtaa wa Kizingitini au Faza, ambako nyumba zimegusana, unaweza. Mashamba yaliyotawanyika hayawezi. Siku ya nne nusu hawatakuja.

Hapo ndipo Malindi inapohitaji uangalifu. Malindi imo katika Kaunti ya Kilifi, na utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliikuta Kilifi na udumavu wa asilimia 37 kwa watoto chini ya miaka mitano, juu kuliko kaunti nyingine yoyote, wakati taifa zima ni asilimia 18. Mtu akiona takwimu hiyo hukimbilia jiko la siku 12. Lakini udumavu ni ufupi wa kimo kwa umri, umejengeka tangu mimba, na siku 12 hazirefushi mtoto. Jiko hilo linarudisha uzito. Kwa udumavu unahitaji tabia za kila siku kwa miaka miwili, na kwa hizo uchambuzi wa vikwazo ndio mlango.

Na mtoto yeyote mwenye mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, haingii kwenye jiko la pamoja. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hilo ni kwa njia zote tatu: kila mhoji abebe utepe wa kupimia mkono, hata kama dodoso haliuulizi.

Ipi basi?

Kikundi cha kina mama wanne Shela au Matondoni, wasio na fedha za kulipa wahoji, kifanye majaribio ya nyumbani kwa nyumba 20. Hakuna takwimu ngumu, na wanaofanya wanabaki na ujuzi.

Shirika lenye vijiji vitano au sita Pate na mwaka mzima mbele yake lianze na uchambuzi wa vikwazo, kisha lifanye majaribio ya nyumbani kwa kile kilichotofautiana. Mpangilio huo tunaupendelea kuliko wowote, kwa sababu uchambuzi unakuambia ni miba, na majaribio yanakuambia miba itolewe jikoni wakati gani na mama anayepikia watu wanane. Kufanya moja bila jingine ni kuacha kazi katikati.

Mama kielelezo mwite pale tu mlipopima na kukuta masharti yametimia. Majadiliano ya kikundi yana kazi ndogo na nzuri: kukusanya majina ya vyakula na maneno ya watu kabla ya kuandika dodoso. Usiyategemee yakueleze sababu. Mbele ya jirani kila mama ni mama bora. Dodoso refu la maarifa na mtazamo linakuambia watu wanajua nini, jambo ambalo kwa kawaida si tatizo.

Hakuna kati ya hizi tatu inayokuambia ni watoto asilimia ngapi wanakula mnofu, kwa sababu 45 uliwachagua wewe. Ukitaka kupima mwanzo na mwisho, chukua kina mama 19 kwa bahati nasibu katika kila eneo la usimamizi, yaani sehemu iliyo chini ya msimamizi mmoja. Maeneo matano yanakupa 95, na kwa jumla yake makadirio yenye kukosea si zaidi ya pointi 10 hivi.

Kwa upande wa ruhusa, ofisi ya afya ya kaunti na mzee wa mtaa wajue kabla, na mama atoe ridhaa bila kushurutishwa. Ikiwa mtachapisha kama utafiti, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili vinatafutwa mwanzoni, havipatikani kwa kurudi nyuma.

Ratiba ya visiwani hupangwa na maji. Mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo siku ya kazi Faza au Siyu haianzi saa mbili kwa sababu tu karatasi imesema hivyo. Jozi sita za wahoji, mahojiano matano kila jozi kwa siku, ni siku tatu za kuhoji. Laleni kijijini. Siku ya nne majibu yote 90 yapangwe kwa mafungu na kuhesabiwa hapohapo, wahoji wakiwa wameketi pamoja, kabla ya kupanda mashua. Karatasi ikiwa na jibu kama "samaki mkali", aliyemhoji yule mama ndiye pekee anayejua kama alimaanisha miba, pilipili au bei, na wiki mbili baadaye hata yeye atakuwa amesahau.